Kiti cha Kushoto

Waliponichagua, Mwenyekiti Asajile alinishika mkono
akasema, "Makamu, kazi yako ni ndogo:
niombee afya."
Ukumbi ukacheka. Mvua ya Tukuyu ikacheka juu ya bati.
Nikaketi kiti cha kushoto, kile chenye mguu mfupi
tulichokiwekea ajenda ya mwaka juzi, imekunjwa mara nne.

Mwaka wa kwanza nilifungua vikao kwa sala,
nikavifunga kwa "ndaga fijo, wageni wetu."
Katikati nilihesabu vifungo vya koti la Katibu.

Kisha ukaja ufunguo wa mizani ya jani bichi:
"Ushike tu, Makamu, mpaka Ijumaa."
Ijumaa ile haijafika.
Likaja daftari la mbolea. Ikaja misiba:
yeye ana kikao Mbeya, mimi nabeba rambirambi,
viatu vimelewa tope la Kyimbila.
Kikaja kiwanda, na meneja asiyepokea simu,
hata nikajifunza kukaa kwenye benchi lake tangu alfajiri
na bakuli langu la kande, asije akanipita.
Hakuna aliyeyaandika haya popote.
Katiba yetu, ukurasa wa sita, ina mstari uleule:
Atamsaidia Mwenyekiti.

Jana usiku nachambua maharage, redio inaeleza ya Marekani:
kwamba makamu wa kule, zamani, aliwekewa kiti mbele ya maseneta
na kazi mbili tu, kungoja kura zifungane
na kungoja mwenzake afe.
Siku hizi, ikasema, anatwishwa mipaka, anatwishwa safari,
anatwishwa hata mambo ya anga za juu;
mengi hayamo katika katiba yao, ni ya kupewa,
na cha kupewa aliyetoa hukitaka.
Ambakisye, mume wangu, akauliza, "Na mshahara?"
Nikapunguza sauti.
Anga za juu! Mimi wameishia kunipa choo cha ofisi, nikisimamie kichimbwe.

Leo kura: tung'oe chai tupande parachichi,
au tuvumilie bei.
Mwenyekiti amelazwa Makandana, presha.
Mikono kumi na tisa.
Upande wa pili, Katibu anahesabu kwa ncha ya kalamu, anarudia:
kumi na tisa.
Binti yangu Tumpale yuko na parachichi, hanitazami.
Mama mkwe yuko na chai, ananitazama mno.
Ukungu umeingia dirishani kama mjumbe aliyechelewa,
umetafuta pa kukaa.

Nikatazama vidole vyangu: weusi wa utomvu
ambao limau halijauweza, wala majivu.
Nikasimama.
Kiti kikaanguka nyuma yangu, ajenda ya mwaka juzi
ikakunjuka sakafuni, imelowa, herufi zimevimba.
Nikainama kuiokota kabla sijainua mkono.
Jina langu lilikuwamo, sikuwahi kuliona:
chini kabisa, namba saba,
Mengineyo – Makamu.