Ratiba Mpya

Waraka ulifika Jumanne, umepigwa muhuri mara mbili
kana kwamba muhuri mmoja ungeona aibu peke yake.
Niliusoma nimesimama kwenye ofisi ya michezo,
yaani stoo, tunayochangia na majembe na makopo ya rangi.
"Kwa kuzingatia mgawanyo mpya wa kanda..."
Kumbe sisi wa Chuo cha Msaranga, tunaoamka na mlima dirishani,
tangu Jumanne ile tuko Pwani.

Mwalimu Mfinanga akauliza, "Pwani ipi?"
Nikamwonyesha: Tanga, Bagamoyo, Kibaha, Mtwara.
Akavua kofia. Akaitazama kofia.
"Mtwara," akasema, kama mtu anayetaja
jina la mdeni aliyekwisha fariki.

Na Themi? Themi ya Arusha, watani wetu,
kilomita themanini, unakwenda na kurudi mchana mmoja,
wamepewa Kanda ya Ziwa, na mdhamini, na kamera.
Miaka ishirini na sita tulikutana nao
Jumamosi ya kwanza masika yakikatika,
tope lingalipo kwenye goli la upande wa migomba.
Aliyefungwa alitoa ndafu.
Mwaka wa tisa tulidaiwa ndafu, tukalipa jogoo,
na hadi leo wanatuita Jogoo.
Sasa nani atatuita? Bagamoyo hawajui habari zetu.

Nasikia ramani ilichorwa hotelini
kwa kalamu ya mdhamini. Pengine ni uongo.
Ila mstari umepita katikati ya Boma Ng'ombe,
na muuza vitunguu wa pale hana habari
kwamba mguu wake mmoja uko Ziwa.

Nilipanga ratiba kwa penseli, nikafuta, nikapanga.
Ijumaa basi, Jumamosi mechi, Jumapili njiani,
Jumatatu saa mbili mtihani wa Hesabu.
Beki wangu Kanankira amejifunza kulala amekaa wima,
kitabu wazi, ukurasa uleule toka Korogwe mpaka Same.
Mama Ndeshi wa ndizi za kuchoma
alihesabu mechi za nyumbani kwa vidole. "Nne."
"Tatu," nikamwambia. "Ya Kibaha wameihamisha."
Akakikunja kidole taratibu, kama anakunja noti.

Agosti nilipanda Old Moshi kutafuta winga.
Elinami, miaka kumi na tisa, mguu wa kushoto
wenye hati nzuri kuliko mkono wangu.
Mama yake alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho,
kisha akauliza, "Mtacheza na nani?"
Nikaanza: Tanga, Bagamoyo...
"Na mimi nitamwona lini?"
Nikanywa chai iliyokwisha kikombeni.
Themi walikuwa wamekwisha piga simu:
mechi zao zinaonyeshwa, na shemeji yake ana king'amuzi.
Nimewahi kushindwa na vyuo vingi.
Na king'amuzi, ile ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja Desemba.
Desemba huku haina kanda. Kila gari linapanda,
la Dar, la Mwanza, la Dodoma,
limebeba mchele, jenereta, na vumbi la mikoa mitatu.
Siku ya pili baada ya Krismasi, kiwanja cha Kidia,
kinachoinama kiasi kwamba mpira ukitoka huufuati;
unasubiri mtu wa bondeni aupandishe.
Timu ziligawanywa: walioshiba na ambao bado.
Elinami alivaa jezi ya Themi, Kanankira ya kwetu,
wengine fulana za kipaimara za mwaka juzi.
Mama yake alikaa juu ya jiwe, sweta begani, kimya.
Dakika ya ngapi sijui, hakuna aliyekuwa na saa,
kijana akampita Kanankira, akarudi nyuma,
akampita tena, kama aliyesahau kitu pale.
Mtu akapaza sauti toka migombani: "Jogoo!"
Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Penseli ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.
Jumamosi ya pili ya Januari tuko Mtwara.
Basi linaondoka Alhamisi.