Masikio Yaonekane

Watoto wametununulia meli.
Si meli nzima: chumba kimoja chenye dirisha la duara,
siku kumi na moja, Mombasa hadi Morisi na kurudi,
zawadi ya miaka arobaini ya ndoa.
Naigaga alizileta tiketi hapa Walukuba
ndani ya bahasha ya harusi, akalia kabla hatujaifungua.

Kisha tukasoma maandishi madogo.

Mwenzi wa kigeni, yanasema,
awe na viza ya kila bandari, hata asiposhuka.
Hata asiposhuka! Nikamsomea Halyna mara mbili.
Akaacha kuchambua mchele. "Kwa hiyo
nikilala nimejifunika shuka mpaka kichwani
nitakuwa nimeingia nchi ya watu?"
Ndiyo, mama. Itakuwa imekukuta kitandani.

Orodha nimeibandika kando ya kalenda ya sukari:
cheti cha ndoa, kitafsiriwe, kigongwe muhuri,
kadi ya chanjo ya homa ya manjano,
taarifa ya benki ya miezi sita
(pensheni ya bwawa la umeme, aibu yenye nembo),
na barua ya mume kwamba ndoa ni ya kweli.
Hiyo nimeiandika. Nimeichana. Nimeandika nyingine.
Miaka arobaini nalala upande wa ukuta
kwa kuwa yeye huamka saa kumi alfajiri.
Hilo unaliandika kwenye mstari wa ngapi?

*Nchi uliyozaliwa.* Ya kwake haimo.
Ilikufa redioni, jioni moja, nasi tuko Jinja,
tunamwogesha Naigaga kwenye beseni.
Halyna alisema tu, "Maji yanapoa."
Cheti chetu kina muhuri wa nchi hiyohiyo.
Afisa wa Kampala alikipindua, akakipindua tena,
"Mzee, serikali hii iko wapi?"
Nami naitafuta, nikamwambia. Niliacha koti langu kule.

Hakucheka.
"Na mama ana uthibitisho gani kwamba atarudi Uganda?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu mama yangu alimpa jembe siku ya kwanza.
Akalishika kama gitaa, Namutumba nzima ikacheka.
Siku hizi viazi vyake ndivyo vinavyogombewa sokoni.
Hutukana kwa Lusoga. Hupatana bei ya mukene
kwa Kiswahili cha kambini, kisicho na tafadhali.
Hela huhesabu kimoyomoyo, kwa lugha ya mama yake.
Mama yangu, siku ya kukata roho, alimwita yeye.
Mimi nilikuwa nimesimama palepale.
Na bado kila baada ya miaka kadhaa anapanga foleni
kuomba kibali cha kuishi nami.

Huko baharini nami nitakuwa yuleyule:
mwenzi wa kigeni wa mwenzi wa kigeni.

Jana tulikwenda kupiga picha, barabara kuu,
kwa kijana anayeitwa Tenywa.
Ukuta mweupe. Usicheke. Usikunje uso.
"Masikio yaonekane, mama. Kitambaa kitoke."
Halyna akakivua, mvi zikamwagika,
na sikio la kushoto likatokeza na ufa wake mdogo:
Naigaga, mwenye meno mawili, alinyakua hereni kanisani,
damu ikachirizika juu ya gomesi mpya,
naye akaendelea kuimba hadi amina.

Tenywa akaivuta picha, akaikuza kwenye kompyuta.
"Hapa pana kasoro. Nifute?"
"Usifute," tukasema pamoja,
kila mmoja kwa lugha ya mwenzake.

Viza tatu hazijatoka. Meli inaondoka tarehe tisa.
Leo usiku nimemkuta amelala upande wangu, wa ukutani.
Anasema anajizoeza dirisha.