Upepo Haukufuturu

Tulimwaga baada ya tarawehe,
maana mchana wa Wete haufai kwa saruji nyingi namna ile.
Mapande ya barafu ya sokoni, yanayolaza jodari,
Asaa aliyaponda kwa nyundo ndani ya pipa,
na maji tukayapima kwa kikombe, kama dawa ya mtoto.
"Zege gani hili," Fundi Shaame akaguna, "bakhili wa maji?"
Nikamwambia: ndilo lenye nguvu. Ndilo lenye kiu pia.

Daku ilitukuta ukuta wa gati umejaa hadi shingoni.
Nikachomeka waya zangu, mmoja moyoni, mmoja ngozini,
nikakaa na daftari.

Saa ya sita: arubaini na moja.
Saa ya kumi na mbili: hamsini na nane.
Saa ya ishirini na mbili: sabini na tatu moyoni,
ngozini arubaini na sita,
na hakuna aliyewasha moto.
Ukiweka kiganja juu ya ubao
unahisi mtu mwenye homa asiyetaka kusema.

Tena yale maji ya kikombe limeshayanywa;
sasa linanyonya vitobo vyake lenyewe, linajikunyata,
sehemu ya unywele, sehemu ya sehemu ya unywele.
Nondo tu ndizo zinazojua.

Mchana kutwa tulikuwa tumelivika magunia.
Mwanakheri alishika mpira,
midomo imemkauka, kanga imelowa hadi magotini,
mfungo wa kumi na saba,
maji yakimpita vidoleni kwenda kunyweshwa ukuta.
"Haya, kunywa," akauambia, "weye hukufunga."
Tukacheka kidogo. Kucheka nako kunakausha koo.

Magharibi ikaadhiniwa. Tukaacha mpira chini.
Robo saa: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi.
Upepo haukufuturu.

Siku ya tatu tukabandua mbao,
na kwenye kona ya kusini ulikuwepo,
mwembamba kama mstari wa penseli iliyochongwa sana.
Shaame akalowesha kidole, akaupitia.
"Usipoziba ufa..." akaanza.
Sikumwacha amalize. Ukuta ndio kwanza tumeujenga,
na ufa umezaliwa nao.

Nikaandika: sehemu ya kumi ya milimita.
Mbele ya neno Sababu nikaacha wazi,
nikarudi, nikaandika: futari,
nikaifuta, ikabaki alama yake.

Leo tunamwaga kipande cha pili.
Mwanakheri kaja na tende zake kwenye pindo la kanga.
Anasema atazila mkono mmoja.