Mtengeneza Matope

Askari si kazi yangu.
Nyuso, mishipi, sharubu za makoplo,
hayo ni ya Ghislain kule Kortrijk,
mwenye brashi ya unywele mmoja.
Mimi ninatengeneza wanapokanyaga.

Huniletea wamevingirishwa pamba kama mayai,
tisa, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha mwisho,
askari wa risasi: risasi iliyoota miguu.
"Firmin, nataka Oktoba," husema.
"Nataka mvua iliyokatika saa moja iliyopita."
Kisha hunywa bia yangu, huenda zake.

Oktoba huanza kwa ubao.
Plasta, gundi nyeupe, unga wa mbao.
Chai iliyokaushwa ndiyo majani ya mipopla,
nywele za mswaki ndizo matete ya mto Yser.
Madimbwi ni vanishi, tabaka saba,
na kati ya tabaka na tabaka usiku mzima wa kutogusa.
Theluji sifanyi tena. Niliwahi kuitia magadi;
mwaka wa tatu ikawa manjano kama meno ya mvutaji,
na mwenye nayo, hakimu mstaafu,
akanirudishia kikosi kizima kwa posta
bila barua.

Udongo wenyewe ni wa kweli. Huo ndio ubishi wangu.
Omer, jirani, hunipa ndoo kila avunapo viazi.
Nauoka kwenye oveni ya Godelieve,
wadudu wafe, mbegu zife,
naye hufungua madirisha yote bila kusema neno,
na hilo ni neno.

Baada ya oveni, chekeche.
Jumanne moja ya Machi, redio ikisoma bei ya nguruwe,
kikabaki juu ya wavu kitu cha kijani, cha duara:
kifungo.
Kitanzi nyuma, na ndani ya kitanzi
uzi.

Nilikipima kwa rula, mazoea ya mkono tu.
Milimita ishirini na mbili.
Kingemfunika askari wa Ghislain tangu kofia hadi mshipi.
"Nimekioka," nikamwambia Godelieve.
Akakigeuza. "Kuna mtu alikishona," akasema.
Halafu: "Kirudishe kabla ya chakula."

Watu wa makumbusho sikuwaambia. Wanavyo madebe.
Omer aliniachia lango wazi. Mvua. Koleo.
Nikachimba hadi mkono ukazama kiwikoni,
nikakiweka, nikafukia.
Sijui sala inayofaa kifungo.
Nikasema samahani kwa ule moto.

Nilipoinua mguu, buti likabaki.
Nikasimama na soksi moja katika shamba la watu,
mzee wa miaka sitini na nane,
nikatazama chini.

Si kahawia.
Miaka thelathini na moja ninapaka kahawia,
na hapa ni kijivu, kijivu cha kisu,
na mle mguu wangu ulimotoboa
samawati, kama mshipa chini ya ngozi.
Kahawia ni rangi ya udongo uliotoka jikoni kwetu.

Ijumaa Ghislain alinikuta ninakwangua Oktoba yake.
"Ilikuwa imekamilika! Maonyesho ni Jumapili!
Majaji watatazama nini?"
Askari, nikamjibu. Kama siku zote.
Mfinyanzi hulia gaeni.
Nikamwomba jambo moja:
yule wa tatu kutoka kushoto, amfute kifungo kimoja.
Akakataa. Sare ni sare, akasema, vifungo vitano,
nami sikushindana naye, kwani koti ni lake.

Udongo uwahi ungali maji:
plasta hunipa nusu saa, haiongezi.
Nikaweka kijivu, nikaweka ile samawati,
nikawasimamisha mmoja mmoja, nikiwakandamiza
mpaka vifundo vya miguu vikapotea.

Buti liko dirishani. Godelieve anataka nilioshe.
Bado. Kila asubuhi, kabla ya kufungua rangi,
nalitazama kwanza.