Kamba ya Njano

Miaka kumi na tisa nafunga magurudumu ya nyuma
katika kiwanda cha baiskeli, Águeda, ng'ambo ya mto.
Kamba ya njano inaning'inia juu ya kichwa changu.
Ivute ukiona kasoro, walituambia.
Nani angevuta?
Senhor Baltar alihesabu baiskeli kama bahili na njugu;
aliyesimamisha mkanda aliitwa ofisini
akarudi masikio mekundu.
Tukajifunza kufunika.
Nati ikigoma, nyundo.
Ekseli ikipinda, igeuze, upinde utazame chini,
mteja wa Rotterdam atajijua.
Mficha maradhi — yaliyobaki mnayajua.

Kisha akaja Idalina Figueiral.
Hakuleta hotuba. Alileta kigoda cha miguu mitatu,
akaketi kando ya meza yangu asubuhi nzima,
mikono magotini,
kama mtu anayengoja uji uchemke.
Nikaharakisha. Nikajikata kidole.
Saa sita akauliza: "Zulmiro, kwa nini unageuka?"
Nageuka?
"Kila gurudumu, mara mbili. Unafuata nati."
Kikasha kiko nyuma.
"Kwa nini kiko nyuma?"
Nilikikuta nyuma.
Akacheka, si kwa dharau. Hakukigusa.
"Ni chako. Kesho utaniambia kikae wapi."

Usiku ule usingizi ulinipaa.
Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo
ambalo jibu lake lilikaa mgongoni mwangu.

Tulikitundika kwa waya wa breki, usawa wa kiwiko.
Siku ya pili kikamwaga nati zote,
Olímpia wa meza ya pili akatukana watakatifu watatu.
Tukakishusha vidole vinne. Tukakiinamisha.
Siku ya sita nilifika nyumbani
nikambeba mjukuu kabla ya kutafuta kiti.

Kamba niliivuta Jumatano ya mvua.
Ekseli ya tatu kupinda tangu alfajiri.
Mkono ulinitetemeka kama wa mwizi.
Kengele ikalia, mkanda ukasimama,
watu sitini na wawili wakanitazama mimi,
mimi nikatazama viatu.
Idalina akaja akitembea. Hakukimbia.
Nilikuwa nimeandaa visingizio vinne.
"Asante," akasema. "Nionyeshe."

Dakika kumi na moja. Baiskeli tano hazikuzaliwa.
Kosa tukalikuta ndani ya sanduku:
ekseli zililazwa moja juu ya nyingine,
za juu zikizikunja za chini njia nzima.
Hakuna aliyeitwa ofisini.

Sisemi sasa tunakula asali.
Alileta ubao wa rangi tatu, mkubwa kama mlango wa kanisa,
tuujaze kila asubuhi. Tukaujaza. Miezi miwili.
Olímpia akamwambia mbele ya wote:
"Ubao huu husomwa na wageni tu."
Kimya.
Idalina akaomba bisibisi
akaung'oa kwa mkono wake, skrubu baada ya skrubu.
Nadhani ni siku ile tulipomwamini.

Jana Nélio, kijana wa wiki mbili, alivuta kamba
kwa sababu taa ya meza yake inammulika machoni.
Taa!
Nikamsikia Senhor Baltar akiamka kooni mwangu,
maneno yamekwisha kupangwa.
Nikayameza, machungu.
Nikaenda nikitembea,
mkononi kigoda cha miguu mitatu.