Mlango wa Msimu wa Tano

Nilifika Halliku na mchoro kwapani
kama mshenga aliyebeba barua ya posa
kwenye nyumba isiyo na binti wa kuozwa.

Mita za mraba mia sita, zabuni ilisema.
Ukumbi wa maonyesho, mkahawa, duka la zawadi,
na kioo kikubwa cha kukitazamia kinamasi.
Nilikichora kioo kirefu kama behewa.
Kamati kule Tallinn ilipiga makofi.

Virve, tarishi wa tarafa,
hakupiga kitu. Alikuwa akikaza kamba za buti.
"Na korongo," aliuliza, "watajuaje kuwa mbingu yako ni bandia?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kipimo cha leza
na penseli tatu za bei.

Alinipeleka kwenye ghala la kina Aivar.
Mwimo wa mlango umejaa chale za kisu,
chale moja kwa kila furiko:
hii ya magotini, hii ya kiunoni,
na ile kule, juu ya kitasa,
"mwaka huo barua nilizipitisha dirishani."
Hapa mwaka una misimu mitano.
Theluji ikishaondoka, majani hayajaja,
mto unaingia bila hodi,
barabara inageuka uvumi,
watu wanashusha darini mtumbwi wa gogo moja.
Miaka sita ya chuo,
na hakuna aliyenifunza kumchorea mlango mgeni huyo.

Tukatembea. Ardhi ilibonyea, ikarudi,
kama godoro la mtu anayejigeuza usingizini.
Chini yetu mita saba za mimea iliyokataa kuoza.
"Inakua milimita moja kwa mwaka," Virve alisema,
nami nikaondoa mguu upesi
kama aliyekanyaga mkono wa mtoto aliyelala.
Nikapiga hesabu: nguzo yangu moja
ingetoboa miaka elfu saba
kabla ya kugusa kitu kigumu.
Nguzo nilikuwa nimechora arobaini na mbili.

Usiku ule, hotelini Viljandi, nilifuta.
Nilifuta mkahawa: Leida anaoka mkate kijijini,
na viti anavyo.
Duka la zawadi, bila huruma.
Kioo nilikifuta mara mbili,
maana mara ya kwanza nilikirudisha.
Choo nilikiacha.
Aivar, mlinzi wa hifadhi, alishaniambia:
katika wageni kumi, tisa hawaulizi umri wa kinamasi.

Kilichosalia kikakosa pa kukaa
mpaka nilipokumbuka kidonda:
kando ya barabara, nje ya mpaka,
pale walipochimba mboji ya kuchoma
enzi za viwanda vya serikali.
Hapaoti kitu. Reli nyembamba imelala na kutu yake.
Hapo. Juu ya kovu, si juu ya ngozi.
Banda la mashine, kuta zile zile, paa jipya,
sakafu yenye mwanya kati ya ubao na ubao
ili maji yapande, yakae, yaondoke
bila kumwomba mtu radhi.
Na kuanzia hapo, miguu yako.
Kilomita mbili za njia ya mbao,
upana wa mtu na nusu,
ili mkikutana mmoja ampishe mwenzake.

Safari hii kamati haikupiga makofi.
Mmoja akauliza, "Sasa mgeni atapiga picha ya nini?"

Aprili, Virve alipiga simu.
"Maji yameingia."
Nikashika ukingo wa meza.
"Yamefika wapi?"
"Mapokezi. Yametulia tu.
Kuna samaki chini ya rafu ya ramani."
Kimya kidogo. Nilisikia kasia likigonga ukuta.
"Nilitaka kuchanja alama, kisu kimeteleza.
Miimo umeweka ya chuma, mama."

Nimeandika daftarini:
mwimo wa kushoto, ubadilishwe.
Msonobari. Laini. Usipakwe rangi.