Nukta

Aprili, Leicester. Watu arobaini na mmoja uwanjani.
Nimewahesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Wawili wamelala. Mmoja anamenya chungwa
polepole, kana kwamba ganda nalo limepewa siku nne.
Baridi imenishika vidole, kalamu inakwama,
na mrushaji, kijana wa futi sita na ushei,
anarudi mwanzo wa mbio zake
kama mtu aliyesahau funguo na hana haraka nazo.

Mpira. Hakuna mkimbio. Natia nukta.
Mpira. Hakuna. Nukta.
Zikitimia sita, ova nzima bila mkimbio hata mmoja,
naziunganisha kwa mstari, zinakuwa herufi M.
Desmond Orton ndiye aliyenionyesha,
mwaka ule nilipokaa pembeni yake na daftari jipya.
"Usiidharau nukta," alisema. "Hapo ndipo mtu anapofikiri."
Desmond hayupo sasa. Kitini pake nimeweka chupa ya chai.

Ijumaa ya Julai mambo ni mengine.
Ova ishirini, basi. Moto unaruka kando ya kamba,
muziki unapasua masikio kila wiketi ikianguka,
na mjukuu wangu Munira, uso umepakwa rangi ya mbweha,
ananirukia begani kila mpira unapopita juu ya taa.
Pale nukta ni aibu. Nukta ni deni.
Watu elfu tano wanaizomea kama mwizi wa kuku.

Mwaka mzima nimesema nyumbani, mpaka wakachoka,
kwamba huo si mchezo, ni kachumbari bila pilau,
kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.
Munira akaniuliza, mdomo umejaa chipsi:
"Babu, wewe ulicheza za siku nne ngapi?"

Swali likanikwama kooni.

Maana ukweli ni huu. Mimi nilicheza jioni,
baada ya zamu, kiwanda cha soksi kando ya mto Soar.
King'ora saa kumi na moja na nusu,
mikono bado inanuka mafuta ya mashine,
sisi wa Kisumu, wa Jinja, wa Nakuru, na wenyeji wawili watatu,
ova ishirini tu, kwa kuwa jua halikuwa letu zaidi ya hapo.
Hakuna aliyetuambia tunaua kitu.
Siku nne! Nani alikuwa na siku nne?
Siku nne nilizipata pamoja na pensheni
na goti la chuma.

Basi simlaumu mtoto, wala fataki zake.
Ila kalenda ninayo, imebandikwa mlangoni pa jokofu:
Julai amepewa kijana, Agosti kapewa kijana,
mzee kaachiwa Aprili ya mvua ya mawe
na Septemba ya ukungu.
Hawajamfukuza nyumbani, la.
Wamemhamishia chumba cha uani,
na wakipita wanamsalimia.

Leo Munira yuko nami, shule zimefungwa.
Amekuja na blanketi na simu iliyojaa chaji.
Kufikia chakula cha mchana, simu imezimika.
Mpigaji wetu amesimama saa mbili kwa mikimbio kumi na tisa.
Nukta. Nukta.
"Anangoja nini?"
"Kosa la mwenzake."
"Na mwenzake?"
"Naye vivyo hivyo."
Hasemi kitu. Anavuta blanketi hadi kidevuni,
anatazama mpira mmoja, wa pili,
kisha ananipokonya kalamu.
Wa tano. Wa sita.
M yake imepinda, mguu mmoja umetoka nje ya kisanduku.
Desmond angeifuta. Mimi naiacha.

Halafu mvua. Waamuzi wanatazama juu, wanatikisa vichwa,
wachezaji wanakimbilia ndani.
Wawili wale bado hawajaamka.
Yule wa chungwa anatoa jingine mfukoni,
analigeuzageuza, anatafuta pa kuanzia.